Silensa Inacheza, Moshi Unatoka: Mwongozo kwa Aliyebadilisha Njia ya Hewa ya Gari Masasi na Newala

Malipo ya korosho yakishaingia, gereji za Masasi na Newala hupata kazi nyingi. Mmoja anataka eya klina ya koni ili gari livume, mwingine anataka snokeli kwenye Land Cruiser yake, wa tatu anaomba boksi la eya klina litolewe kabisa na paipu nene zaidi ifungwe, eti injini ivute hewa kwa nafasi. Gari linaondoka likiwa na sauti mpya. Baada ya siku chache linarudi. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, injini inatetemeka mpaka usukani unacheza mkononi, na nyuma kuna moshi.

Fedha nyingi hupotea hapo. Zinanunuliwa plagi, kisha koili, kisha nozeli zinapelekwa kuoshwa, kisha pampu ya mafuta inaagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Mwisho wa yote inagundulika kwamba kihozi chembamba kama penseli kilisahauliwa kurudishwa mahali pake. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: kama gari lilikuwa zima kabla ya kuguswa, anza kutafuta pale palipoguswa. Usinunue kipuri chochote kabla ya kumaliza hatua zilizo hapa chini.

Injini inavyojua kiasi cha hewa

Ili kuungua vizuri, gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huenda na kama lita 9,000 za hewa. Injini ya petroli ya kisasa haikisii hesabu hiyo. Kuna sensa inayopima hewa na kuipelekea kontroli boksi taarifa, nayo kontroli boksi inaamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Ukibadilisha njia ya hewa bila kujali sensa hiyo, kontroli boksi inapewa taarifa za uongo na kumwaga mafuta kwa kufuata uongo huo.

Injini za dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hiace na Hilux, hazina sensa hiyo. Pampu inapeleka dizeli kwa kufuata mguu wako na mzunguko wa injini, hewa iwepo isiwepo. Kwa sababu hiyo dizeli na petroli huumwa kwa namna tofauti, na kila moja ina sehemu yake hapa.

Hatua ya kwanza: rudisha ulichotoa

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kulirudisha boksi la zamani la eya klina na paipu zake, likiwa na eya klina safi ndani, kisha uwashe gari. Silensa ikitulia na moshi ukikoma, mshtakiwa umempata: ni kile kilichofungwa, au namna kilivyofungwa. Ugonjwa ukibaki vile vile, basi kuna kitu kilivunjika au kuachwa wazi wakati wa kazi, au gari lilikuwa linaumwa tangu mwanzo na sauti mpya imekufanya usikilize kwa makini zaidi.

Kwa hiyo usiuze boksi la zamani, na usiliache gereji. Liweke nyumbani pamoja na klipu na skrubu zake zote. Kabla fundi hajagusa chochote, piga picha za simu kutoka pande zote za injini. Picha hizo zitakuonyesha kila hozi ilikuwa wapi.

Kama betri ilichomolewa wakati wa kazi, usiwe na haraka ya kuhukumu. Kontroli boksi za magari mengi hupoteza kumbukumbu ya silensa betri ikitolewa. Washa gari, zima AC na taa, liache lipate moto bila kukanyaga mafuta, kisha liendeshe taratibu safari kadhaa fupi. Likiendelea kutetemeka baada ya hapo, endelea na hatua zinazofuata.

Soma rangi ya moshi

Simama nyuma ya gari, mahali pa wazi, mtu mwingine akiwa ndani. Mwambie aache silensa kwa dakika moja, kisha apige resi taratibu. Angalia rangi, na angalia moshi unatoka wakati gani.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Kwenye petroli, shuku sensa iliyodanganywa. Kwenye dizeli, shuku njia ya hewa iliyobana, au bomba la tabo linalovuja.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Inaweza kuwa imevutwa kupitia hozi ya kupumulia ya tapeti kava au kupitia sili za tabo, au inapita kwenye ringi zilizolika. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, nalo lina sehemu yake hapa chini.

Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha injini ikipata moto mara nyingi ni mvuke tu. Asubuhi za Juni na Julai kule Newala kuna baridi, na mvuke huo ni wa kawaida. Moshi mweupe mzito usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya silinda hedi, na hauhusiani na eya klina yako. Kwenye dizeli, moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta ni dizeli isiyoungua: kagua hita plagi na nozeli.

Kama hakuna moshi, ila injini inamisi na kuna harufu ya petroli mbichi nyuma, kuna silinda isiyowaka. Kabla ya kununua koili, angalia kama waya wa koili au wa nozeli ulichomolewa ili kupata nafasi ya kufunga paipu mpya.

Gari la petroli

Jua kwanza sensa yako ni ya aina gani. Magari kama IST na Spacio yenye injini za 1NZ au 1ZZ yana sensa ya hewa, kidude kilichochomekwa kwenye boksi la eya klina au kwenye paipu karibu nalo, ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto. Toyota nyingi za miaka ya 1990, kama Corolla ya 5A na Noah ya zamani ya 3S, hazina waya huo. Zina sensa ya vakyumu, ambayo hufungwa karibu na ukuta wa nyuma wa injini na kuunganishwa na manifodi kwa hozi nyembamba.

Kama gari lako lina sensa ya vakyumu, anza na hozi hiyo nyembamba. Ikichomoka au kupasuka, sensa inadhani injini imebeba mzigo mkubwa, na kontroli boksi inamwaga petroli ya kupanda mlima huku gari limesimama. Utaona moshi mweusi, harufu kali, plagi zilizolowa, na gari linalozima kila mara. Irudishe hozi, au ibadilishe kama mwisho wake umelegea.

Kama gari lina sensa ya hewa, fuata mpangilio huu.

1. Hakikisha soketi ya sensa imeingia mpaka imelia, na kwamba sensa imeelekea upande sahihi. Zipo zenye mshale unaoonyesha hewa inakokwenda.

2. Shika kila kiungo cha paipu kuanzia sensa hadi throto bodi, ukikivuta na kukipinda. Hewa yoyote inayoingia baada ya sensa haikupimwa, kwa hiyo mafuta yatapungua, silensa itapanda na kushuka, na gari litataka kuzima ukikanyaga breki kwenye taa au ukiwasha AC. Mpira uliozeeka hupasuka kwenye mikunjo, upande wa chini usioonekana. Ukunjue kwa mikono ukiwa na tochi.

3. Tafuta hozi ya kupumulia inayotoka kwenye tapeti kava. Kwenye boksi la zamani ilikuwa na mahali pake. Kwenye koni mpya mara nyingi haina, na fundi huiacha ikining'inia au huiziba kwa bolti. Ikiachwa wazi, vumbi linaingia kwenye oili, na tundu lililobaki kwenye paipu linavuta hewa isiyopimwa. Ikizibwa, injini inakosa pa kupumulia, oili inasukumwa nje kupitia sili na nyingine inaungua. Lazima irudi kwenye paipu, kati ya eya klina na throto, na kwa gari lenye sensa ya hewa iwe baada ya sensa.

4. Pima unene wa paipu mahali sensa ilipo. Kontroli boksi inajua kipenyo cha paipu ya kiwandani. Paipu ikiwa nene zaidi, hewa inapita polepole kwenye waya, sensa inaripoti kidogo kuliko ilivyo, na mafuta yanapungua. Ikiwa nyembamba zaidi, inaripoti nyingi, mafuta yanazidi, moshi mweusi unatoka. Hapa hakuna spana ya kurekebisha. Rudisha boksi la kiwandani, au tafuta paipu yenye kipenyo kile kile.

5. Safisha sensa. Eya klina za kitambaa zinazopakwa oili zikizidishiwa, oili hiyo huruka na kuganda kwenye waya, kisha vumbi hunasa juu yake. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa. Usiguse waya kwa kidole, usitumie brashi wala upepo wa kompresa. Acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Kama uvujaji hauonekani kwa macho, chukua kipande cha hozi, weka mwisho mmoja sikioni na upitishe mwisho mwingine kwenye viungo huku injini ikiwa silensa. Panapovuta hewa utasikia mluzi. Njia nyingine ni chupa ya maji yenye kipulizio. Nyunyizia ukungu wa maji kiungo kimoja kimoja, mbali na koili na soketi za umeme. Silensa ikibadilika unapolowesha mahali fulani, tundu liko hapo. Wapo wanaonyunyizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Usikubali, maana tone moja kwenye ekzosti ya moto linaweza kuchoma gari zima.

Kama taa ya injini imewaka, fundi mwenye mashine ya kusoma kodi atakupa mwelekeo. P0171 inasema hewa imezidi mafuta, P0172 inasema mafuta yamezidi hewa, P0101 hadi P0103 zinaelekeza kwenye sensa ya hewa au waya zake, na P0300 ni injini inayomisi bila silinda maalumu. Mwambie asiishie kwenye kodi, akusomee pia asilimia ambazo kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta. Ikiwa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, si tatizo. Ikiwa inaongeza 20 au zaidi kwenye silensa, halafu inashuka karibu na sifuri ukishika mizunguko 2,500, una tundu la hewa. Ikianza vizuri na kupanda kadiri unavyopiga resi, tazama usafi wa sensa, filta ya petroli na pampu. Kwa magari yenye sensa ya vakyumu, kodi haziwezi kukusaidia kiasi hicho kwa sababu mengi ni ya zamani. Hapo utategemea macho na masikio.

Gari la dizeli

Kwenye dizeli isiyo na tabo, snokeli au eya klina mpya ni nadra kuharibu silensa. Kama injini inatetemeka ikiwa silensa, tafuta kwanza upande wa mafuta: hewa iliyoingia kwenye bomba la dizeli, filta iliyojaa maji, nozeli inayodondosha. Pengine bomba liliguswa wakati wa kutoboa ubavu ili snokeli ipite. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha uone kama inalegea yenyewe baada ya muda. Ikilegea, hewa inaingia.

Kinachosababishwa na snokeli ni moshi mweusi unapokanyaga mafuta, hasa ukiwa na mzigo. Mfanye msaidizi apige resi boneti ikiwa wazi, nawe uangalie paipu inayounganisha snokeli na boksi. Kama ni mpira laini au plastiki ya mikunjo isiyo na waya ndani, utaiona ikifyonzwa na kubonyea. Kwenye silensa inaonekana nzima, na kwenye mlima inaziba njia. Iondoe, weka paipu ngumu. Kagua pia kichwa cha snokeli: majani, viota vya wadudu, au kitambaa alichofunga mtu ili kuzuia vumbi.

Dizeli yenye tabo ina viungo vingine kati ya tabo na manifodi. Klampu ikilegea hapo, utasikia mluzi wa hewa ukikanyaga mafuta, nguvu zitapungua, na moshi mweusi utatoka. Njia iliyobana kabla ya tabo huleta moshi wa bluu, kwa sababu tabo inavuta oili kupitia sili zake.

Wapo watakaokuambia kwamba Newala ni juu, hewa ni nyepesi, ndiyo maana gari linatoa moshi. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na kutoka Masasi hadi Newala hupandi mita 1,000. Gari zima halitoi moshi mweusi kwa tofauti hiyo. Ule mlima wa kupandia plato ya Newala unaufichua ubovu uliokuwepo, kwa sababu ndipo injini inapofanyishwa kazi ya kweli. Utumie kama kipimo: gari likipanda na mzigo wake bila moshi na bila kumisi, limepona.

Vumbi la plato halisamehe

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala imejengwa kwa vipande. Kilomita 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kuwekwa lami kabla ya kilomita 160 zilizobaki kuingia kwenye ujenzi. Lakini korosho hazikai kando ya lami. Zinatoka vijijini, kwenye njia za mchanga mwekundu laini ambao wakati wa kiangazi husimama hewani gari likipita. Mikorosho ikianza kutoa maua, wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, na unga huo nao unafika kwenye eya klina yako.

Mchanga ukipita eya klina unasaga silinda na ringi. Mwanzoni huoni chochote. Kisha oili inapungua kwenye stiki, kisha moshi wa bluu unatoka, na siku hiyo hakuna hozi ya kurudisha. Injini inataka kufunguliwa. Kwa hiyo fanya kipimo cha kitambaa cheupe: fungua paipu baada ya eya klina, futa ndani kwa kitambaa safi. Kikitoka cheupe, sawa. Kikitoka chekundu, vumbi linapita. Kama paipu ilikuwa chafu tangu zamani, isafishe, paka grisi nyembamba ndani yake, endesha siku chache, kisha utazame kama kuna mchanga ulionata. Viungo vya snokeli visivyofungwa vizuri ndiyo sababu ya kawaida, pamoja na eya klina isiyolingana na boksi lake.

Kama moshi wa bluu umeshaanza, omba kipimo cha kompresheni kwa kila silinda. Silinda iliyo chini sana kuliko nyingine, itie oili kidogo kupitia tundu la plagi na upime tena. Nguvu ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi.

Kuhusu aina ya eya klina, ya karatasi yenye boksi lililofungwa ndiyo inayofaa zaidi huku. Ile ya kitambaa inahitaji kuoshwa, kukaushwa na kupakwa oili kwa kipimo, na plato ina shida ya maji, hasa kiangazi. Usioshe ya karatasi kwa maji wala petroli. Ukiipuliza, tumia upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, bomba likiwa mbali nayo. Upepo wa kompresa ya kujazia matairi hutoboa karatasi, na tundu dogo linatosha kupitisha mchanga. Baada ya kupuliza, washa taa ndani yake. Ukiona nukta ya mwanga mkali mahali pamoja, itupe. Iangalie kila wiki wakati wa kiangazi, na usiendeshe hata safari moja bila eya klina.

Mambo ya usalama

Usijaribu injini ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa gari una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Gari linalomisi lisiegeshwe juu ya nyasi kavu: petroli isiyoungua inawaka ndani ya katalisti, na joto lake linaweza kuanzisha moto. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, au taa ya oili ikiwaka, simamisha gari. Na dizeli ikianza kupanda resi yenyewe huku moshi wa bluu ukijaa, inakunywa oili yake. Kuzima ufunguo kunaweza kusisaidie. Kama ni gari la gia za mkono, shika breki, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini izimike. Usisimame karibu na boneti.

Ukienda kwa fundi

Mweleze kitu gani kilibadilishwa, lini, na dalili zilianza baada ya muda gani. Mwambie rangi ya moshi na wakati unapotoka. Mwombe afanye mambo matatu kabla ya kutaja kipuri: alirudishe boksi la zamani, akague hozi zote, na asome kodi kama gari linaruhusu. Fundi anayekataa hayo matatu na kukuandikia orodha ya vipuri, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kwa gari la kazi la Masasi na Newala, faida ya koni ni sauti tu, na hasara yake ni mchanga. Kama snokeli inahitajika kwa kazi zako, funga iliyobana kila kiungo. Kama haihitajiki, acha boksi la kiwandani lifanye kazi yake, na fedha za korosho zinunue eya klina mpya ya karatasi kila msimu wa vumbi.